Maswali ya Wasomaji: Leseni ya Daktari wa Marekani Hutolewa na Nani?

Safari hii tumeziweka pamoja barua za Lamu na Malindi zinazozunguka jambo moja: nani humpa daktari wa Marekani leseni, nani huhifadhi kumbukumbu zake, na mtu wa huku pwani huingilia wapi. Majina ya walioandika tumeyaacha.

Asalaam aleikum wahariri. Mwana wa ami yangu amemaliza udaktari Nairobi na amesajiliwa hapa Kenya. Wakala mmoja amemwambia ajiunge kwanza na shirikisho la bodi za udaktari za Marekani, alipe ada ya uanachama, kisha leseni itatoka. Ni kweli? (Barani, Malindi)

Waaleikum salaam. Si kweli, na mwambie asitoe hata shilingi.

Shirikisho lenyewe lipo. Jina lake ni Federation of State Medical Boards, kwa kifupi FSMB. Liliundwa 1912, na makao yake yako Euless, Texas. Lakini wanachama wake si madaktari. Wanachama ni bodi za udaktari zenyewe, zipatazo 70: za majimbo yote 50, ya Washington D.C., na za maeneo kama Puerto Rico na Guam. Zimepita idadi ya majimbo kwa sababu baadhi ya majimbo yana bodi mbili, moja ya wenye shahada ya M.D. na nyingine ya wenye D.O., ambao kwa sheria za huko ni madaktari kamili. Shirikisho halitoi leseni wala halimnyang'anyi mtu leseni, na halina uanachama wa kumuuzia kijana aliyetoka chuoni. Lisichanganywe pia na American Medical Association, chama cha tangu 1847 ambacho ni cha madaktari wenyewe. FSMB huzitumikia bodi, na kazi ya bodi ni kumlinda mgonjwa.

Kijana wenu aanzie ECFMG, taasisi ya Philadelphia inayowakagua waliosomea udaktari nje ya Marekani. Chuo chake kiwe katika orodha ya dunia ya vyuo vya udaktari, tena kiwe na maelezo kwamba ECFMG inakikubali. Hilo alitazame kabla ya kulipia chochote. Digrii yake itathibitishwa na chuo chenyewe. Atafanya mitihani miwili ya USMLE, mtihani wa leseni ya udaktari wa Marekani unaofanywa kwa hatua ziitwazo Step, yaani Step 1 na Step 2 CK, atatimiza masharti ya ustadi wa kliniki, na atafanya mtihani wa Kiingereza cha kitabibu, OET, hata kama amesoma kwa Kiingereza tangu chekechea. Akishapata cheti cha ECFMG ndipo anaweza kuanza mafunzo ya ubingwa katika hospitali ya huko. Majibu ya nani amepata nafasi hutoka kila Machi. Wakati wa mafunzo, katika majimbo mengi, bodi humpa leseni ya mafunzo tu, isiyomruhusu kufungua kliniki yake.

FSMB huingia hapo katikati. USMLE, ulioanza 1992, ni mtihani wake kwa ubia na National Board of Medical Examiners, na hatua ya mwisho, Step 3, ambayo huchukua siku mbili, huandikishwa kupitia FSMB. Hulipwa moja kwa moja kwenye tovuti, kwa kadi, hakuna wakala.

Ajihadhari na idadi ya majaribio. Kila Step ina majaribio manne tu. Akianguka mara nne, mlango wa USMLE umefungwa. Bodi nyingine hukaza zaidi ya hapo, zikakubali majaribio matatu, na nyingi hutaka Step zote zimalizike ndani ya miaka 7. Step 1 tangu Januari 2022 haitangazwi kwa alama, ni kupita au kuanguka, kwa hiyo wanaochagua wanafunzi wa ubingwa sasa hutazama zaidi alama za Step 2 CK. Kijana anayekimbilia Step 1 kabla hajawa tayari hupoteza jaribio asilolipata tena.

Pengine atasikia kwamba siku hizi mafunzo ya ubingwa hayahitajiki. Kuna ukweli kidogo: tangu 2023 Tennessee na majimbo mengine kadhaa yametunga sheria za leseni za muda kwa madaktari wa nje. Sheria hizo zinatofautiana sana, zimekuwa zikirekebishwa, na kwa kawaida humlenga daktari aliyekwisha kufunzwa na kutibu kwao, si aliyemaliza intanshipu jana. FSMB, pamoja na Intealth ambayo ndiyo mama wa ECFMG, na ACGME inayosimamia mafunzo ya ubingwa, waliunda tume ya kuzishauri bodi na mabunge ya majimbo juu ya suala hili hili. Ushauri ni ushauri. Kinachofunga ni sheria ya jimbo analokwenda, na hiyo aisome kwenye tovuti ya bodi ya jimbo.

Binti yangu yuko katika mafunzo ya ubingwa Ohio, sasa ataka leseni kamili. Karatasi zake zimekwama kwa sababu majina hayalingani: cheti cha kuzaliwa kina majina matatu, pasipoti ina mawili, na digrii imetanguliza jina la babu. Afanye nini? (Mkomani, Lamu)

Mama, hili ndilo tatizo linalowakamata watoto wa pwani kuliko jingine lolote, na ni bora lieleweke kutoka mwanzo wake.

Tangu 1996 FSMB ina idara ya kuhakiki vyeti iitwayo FCVS. Bodi nyingine huilazimisha, nyingine huikubali bila kulazimisha. Kazi yake ni kukusanya mambo haya: mwombaji ni nani, amesoma wapi, amefunzwa ubingwa wapi, amefanya mitihani gani na mara ngapi, ana cheti cha ECFMG au hana, na kama bodi yoyote imewahi kumchukulia hatua. Kila jambo huulizwa kwa aliyelitoa. Chuo hujibu chenyewe, hospitali hujibu yenyewe. Karatasi iliyopitia mkononi mwa mwombaji, hata ikiwa na mihuri mitatu, haihesabiki kuwa uthibitisho. Baada ya hapo faili huhifadhiwa daima, na siku akitaka leseni ya jimbo la pili huongezwa mambo mapya tu. Yaliyokwisha kuthibitishwa hayarudiwi.

Sasa majina. Mfumo wa huko hutaka jina la mtu na jina la ukoo. Wetu ni jina la mtu, la baba, la babu, na kila ofisi ya Kenya hukata inapotaka. Matokeo yake ni kwamba jina la baba huonekana kama la ukoo katika karatasi moja, na la babu katika nyingine, na mkaguzi aliye Texas huona watu wawili. Hana njia ya kujua kwamba ni mmoja.

Achague jina moja liwe mti mkuu, nalo liwe la pasipoti, kwa sababu ndilo lililo kwenye viza na ndilo linalotazamwa mlangoni mwa chumba cha mtihani. Jina la kitambulisho na la kibali cha mtihani yasipolingana, mtahiniwa hurudishwa siku hiyo hiyo. Kisha katika maombi yote, ECFMG, USMLE, FCVS na bodi, aandike jina hilo hilo kwa herufi zile zile. Mohamed na Mohammed ni majina mawili kwa kompyuta. Pale panapouliza majina mengine aliyowahi kutumia, aorodheshe yote: la cheti cha kuzaliwa na la digrii, kwa mpangilio ule ule yalivyochapwa. Wengi huacha nafasi hiyo wazi wakiona hawajawahi kubadili jina. Hapo ndipo faili hulala.

Kwa tofauti ya mpangilio au jina lililokosekana, aape kiapo mbele ya wakili kwamba majina yote ni ya mtu mmoja, na awaulize FCVS kwa maandishi kama kinatosha kabla hajakituma. Kama jina limebadilishwa kweli kisheria, kiapo hakitoshi. Hutakiwa hati ya kubadili jina iliyosajiliwa, au cheti cha ndoa ikiwa jina lilibadilika kwa ndoa. Na kama chuo ndicho kilichokosea, dawa ya kudumu ni chuo kutoa barua rasmi inayosema mwanafunzi huyu ndiye huyu, ikatumwa na ofisi ya msajili moja kwa moja.

Fomu ya kitambulisho na kiapo cha FCVS yenyewe hutiwa saini mbele ya mthibitishaji wa nyaraka, picha ikiwa imeshabandikwa. Asitie saini nyumbani. Mtu akiwa Kenya ajue pia kwamba kamishna wa viapo si sawa na mthibitishaji wa nyaraka wa umma, anayeitwa notari. Si kila wakili aliye na muhuri wa viapo ni notari. Aulize kabla ya kulipa.

Sababu nyingine za kuchelewa: ofisi ya chuo haijibu barua, hasa kipindi cha mgomo au likizo. Mzazi aliye nyumbani anaweza kusaidia hapa. Aende chuoni, apate cheo na barua pepe rasmi ya ofisi inayohusika, ile ya jina la chuo, si ya mtu binafsi, na binti awape FCVS anwani hiyo. Na ikiwa hospitali aliyofunziwa ubingwa imefunga mafunzo yake, asikate tamaa. FSMB huhifadhi kumbukumbu za programu nyingi zilizofungwa.

Bodi ikitaka barua ya hadhi njema kutoka Kenya, wanataka ile ya Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno la Kenya, KMPDC, inayosema kwamba amesajiliwa na hana kesi. Wengi hupeleka cheti cha maadili mema cha polisi. Ni karatasi halali, lakini inajibu swali jingine, na kosa hilo hula wiki kadhaa.

Kuna daktari atibuye kwa njia ya video, asema ni Mmarekani bingwa wa moyo. Mwingine alikuja na kambi ya matibabu. Mtu wa kawaida atawajuaje kama ni wa kweli? (Shela, Lamu)

Kwa Mmarekani, fungua docinfo.org. Ni huduma ya FSMB, ya bure, na imekusanya madaktari wenye leseni wa nchi nzima, ambao ni zaidi ya milioni moja. Andika jina kamili. Itakuonyesha chuo alichosoma, majimbo aliyo na leseni, ubingwa uliothibitishwa, na kama kuna hatua iliyochukuliwa dhidi yake. Ikionyesha hatua, usiishie hapo: nenda tovuti ya bodi ya jimbo lililotajwa, utafute jina lake, na mara nyingi utaikuta amri yenyewe imewekwa, na sababu zake. Kuna tofauti kubwa kati ya aliyekemewa kwa kuchelewa kutimiza saa za masomo ya kujiendeleza kitaaluma na aliyefungiwa kwa kudhuru wagonjwa.

Majina hufanana. Linganisha chuo na ubingwa, usilinganishe jina peke yake. Na fahamu kisichokuwemo: kesi za fidia mahakamani huzikuti humo, wala malalamiko ambayo bodi bado inayachunguza.

Ndugu zetu wa Malindi hukutana zaidi na madaktari wa Kiitaliano. Hao usiwatafute Marekani. Italia nayo ina vyama vya madaktari vya mikoa na shirikisho la kitaifa juu yake, FNOMCeO, lenye rejista ya kutafutia majina mtandaoni.

Hayo yote ni nusu ya jibu. Leseni ya Texas au ya Roma haimruhusu mtu kumtibu mgonjwa Lamu. Mgeni hutakiwa kupewa leseni na KMPDC, hata ya muda, hata kama anatibu bure. KMPDC ina rejista yake mtandaoni na leseni zake ni za mwaka, kwa hiyo tazama jina na mwaka pia. Kama aliyekuhudumia ni afisa wa kliniki au muuguzi, usimtafute hapo, kwani hao wana mabaraza yao. Kwa video kanuni ambayo FSMB imewashauri wanachama wake, na ambayo ndiyo desturi ya majimbo, ni kwamba tiba huhesabiwa imefanyika alipo mgonjwa. Mgonjwa akiwa Shela, tiba iko Kenya.

Kwa nini taifa kubwa hivyo lisiwe na baraza moja kama letu? (Malindi)

Kwa katiba yao, mamlaka ambayo serikali kuu haikupewa yamebaki kwa majimbo, na ulinzi wa afya ya watu ni mojawapo. Mwaka 1889, katika kesi ya Dent dhidi ya West Virginia, Mahakama ya Juu ya Marekani ilikubali kwamba jimbo laweza kumzuia mtu kutibu bila leseni. Tangu hapo kila jimbo lina sheria yake na bodi yake, yenye madaktari na raia wasio madaktari, ambao mara nyingi huteuliwa na gavana. Kwetu, hata baada ya hospitali kupewa kaunti, leseni imebaki ya taifa: daktari akihama Malindi kwenda Lamu amevuka kaunti lakini leseni ni ile ile.

Shirikisho ni jibu la usumbufu huo. Kila bodi ina kura katika mkutano mkuu wa mwaka, na hapo hupitishwa miongozo: dawa kali za maumivu, matibabu kwa simu na video, madaktari wanaowadhulumu wagonjwa kingono (2020), matumizi ya akili mnemba (2024). Miongozo haifungi. Bunge la jimbo laweza kuichukua yote, nusu, au kuiacha.

Kwa daktari anayetaka kufanya kazi majimbo mengi kuna mkataba wa majimbo, Interstate Medical Licensure Compact, ambao FSMB ilisaidia kuuandika na ambao ulianza kutoa leseni 2017. Unasimamiwa na tume yake, si na FSMB. Daktari huthibitishwa na jimbo lake kuu, hupewa barua ya kustahili inayodumu siku 365, kisha huchagua majimbo. Ada ya tume ni dola 700, na juu yake hulipa ada ya kila jimbo, kwa maana kila jimbo bado hutoa leseni yake kamili. Masharti ni magumu: awe bingwa aliyethibitishwa, kila sehemu ya USMLE aipite kwa majaribio yasiyozidi matatu, na asiwe na rekodi ya adhabu.

Daktari akifutwa jimbo moja, si ataenda jingine? (Maweni, Malindi)

Zamani ilikuwa rahisi, na kuzuia hilo ndiyo kazi ya FSMB tunayoithamini kuliko zote. Bodi ikimsimamisha, kumwekea masharti au kumfutia daktari leseni, huipeleka amri hiyo katika hifadhi kuu ya FSMB. Hifadhi hiyo inajua daktari ana leseni wapi kwingine, na bodi hizo hutumiwa tahadhari bila kusubiri ziulize. Sheria za majimbo mengi huiruhusu bodi ya pili kuchukua hatua kwa kutegemea amri ya kwanza, bila kuisikiliza kesi upya. Na kila anayeomba leseni mpya jina lake hupitishwa hapo kwanza.

Hifadhi ya pili, National Practitioner Data Bank, ni ya serikali kuu. Imetokana na sheria ya 1986 na ilifunguliwa 1990. Bodi hutakiwa kupeleka taarifa zake humo ndani ya siku 30. Humo kuna na fidia zilizolipwa, lakini raia haruhusiwi kuitazama. Hospitali lazima iiulize inapomwajiri daktari na kila miaka miwili.

Matundu yapo. Onyo la siri ambalo bodi humpa daktari bila kulitangaza haliingii. Uchunguzi ukiwa unaendelea, bodi hufungwa na usiri, na uchunguzi huweza kuchukua miezi mingi. Bodi mbili zaweza kuona kosa moja kwa uzito tofauti. Tena mfumo wote husimama juu ya taarifa ya kwanza. Hospitali inayomwacha daktari mbaya ajiuzulu kimya kimya ili yaishe, imewanyima wagonjwa wa jimbo jingine ulinzi wao, na hakuna kompyuta inayoweza kulijua lisiloandikwa.

Dada yangu alifanyiwa upasuaji vibaya Minneapolis. Twaweza kulishtaki shirikisho limwajibishe daktari? (Faza, Lamu)

Pole sana kwa dada. Shirikisho halipokei malalamiko, litawaelekeza tu. Yapelekeni kwa bodi ya jimbo lenye Minneapolis, Minnesota Board of Medical Practice, bure, na hamhitaji wakili kwa hilo.

Andikeni jina kamili la daktari, hospitali, tarehe ya kila ziara, kilichofanyika na kilichofuata, kwa mfuatano wa siku. Wekeni majina ya walioshuhudia. Dada atie saini ruhusa ya bodi kuchukua faili yake hospitalini. Bila ruhusa hiyo uchunguzi huchelewa sana. Hasira ya familia ni haki yake, ila katika barua hiyo tarehe na matukio ndivyo vinavyochunguzika.

Bodi yaweza kumkemea daktari, kumwekea masharti, kumsimamisha au kumfuta. Haiwezi kuwalipa fidia. Fidia ni ya mahakama, kila jimbo lina muda wake wa mwisho wa kufungua kesi, na muda huo hausimami kwa sababu bodi inachunguza. Kama mnafikiria fidia, dada amwone wakili wa huko Minnesota sasa hivi, wakati malalamiko ya bodi yakiendelea na njia yake.